Meno ya Trekta na Mstari Mweupe

Jumatatu, tarehe 2

Kaka amenipa daftari hili niandike saa za trekta na mafuta. Haya: saa sita za kazi, tangi nusu. La kwake nimemaliza. Nafasi iliyobaki ni yangu, na mdomo wa kuijaza ninao.

Leo tumeanza kung'oa vitunguu. Shamba ni la kaka, banda la kuchambulia lina amri ya mke wake, wifi yangu, na trekta naendesha mimi. Trekta lenyewe ni dogo, lakini mbele lina ndoo ya chuma ya kuzolea samadi na udongo, na mwaka huu limeota meno. Fundi ametutengenezea mawili, marefu, ya kuingia chini ya paleti, yale majukwaa ya mbao tunayopangia kreti za vitunguu. Kila jino lina kibanio kinachouma mdomo wa ndoo na bolti moja nene ya kukikaza. Ukitaka kuzoa samadi unayafungua, ukitaka kunyanyua kreti unayafunga tena. Nyuma tumefunga pipa la zege ili trekta lisiinue makalio likibeba.

Fundi alikuja mwenyewe kunifundisha. Huyu bwana ana ugonjwa wa mistari. Kila bolti anayoifunga anaipiga mstari mweupe wa rangi, nusu kwenye bolti, nusu kwenye kibanio. Bolti ikikazwa mpaka mwisho, nusu hizo mbili zinakutana na unaona mstari mmoja. Watu wanasema hata chupa yake ya chai ina mstari kwenye kifuniko. Nimeangalia, ni kweli.

"Dada," akaniambia, "mistari isipokutana, usinyanyue hata trei ya mayai."

Nikamwambia sawa, kwa sauti ya mtu anayejua.

Jumanne, tarehe 3

Saa saba. Jua kali. Paleti kumi na nane bila mtu kuumwa mgongo.

Alhamisi, tarehe 5

Saa saba na nusu. Wifi ananitania kwamba tangu trekta liote meno nimeanza kuendesha nimejibinua kama nabeba bibi harusi. Nikamwambia ana wivu, aje apande. Akasema yeye na chuma kinachotembea hawaivi chungu kimoja. Tumecheka mpaka wachambuaji wakaacha kazi kututazama.

Wingu dogo jioni. Kaka ameliangalia kwa muda mrefu. Vitunguu vikinyeshewa baada ya kung'olewa, shingo zinaoza, na msimu wote unakwenda na maji. Nusu ya shamba bado iko nje.

Jumamosi, tarehe 7

Leo paleti imeanguka. Jino la kushoto limeteleza. Wifi ameumia mguu, yuko hospitali. Bolti ilikuwa imekazwa. Saa nne za kazi.

Jumapili, tarehe 8

Jana niliandika uongo, tena kwenye daftari langu mwenyewe ambalo hakuna anayelisoma zaidi ya ukurasa wa mafuta. Ngoja niandike ilivyokuwa.

Asubuhi palikuwa na tope la maji ya bomba mlangoni mwa banda, kwa hiyo niliyafungua meno nikazoa kokoto na ndoo, nikajaza. Nikarudisha meno. La kulia nililikaza kwa spana mpaka mistari ikakutana. La kushoto nililizungusha kwa mkono tu, nikageuka kuchukua spana niliyoiweka kando ya kiti. Wifi akaita kutoka mlangoni: "Wifi, lori linangoja, utatoka lini hapo?" Nikajiambia paleti hizi kwanza, halafu nitakaza. Nikapanda. Nilinyanyua paleti ya kwanza ikaenda salama. Ya pili ikaenda. Niliposhuka kusogeza kreti iliyopinda nikaiona bolti ya kushoto: nusu mbili za mstari zimeachana upana wa vidole viwili. Niliona. Sitajidai sikuona. Nikapanda tena.

Paleti ya nne ilikuwa nzito, vitunguu vikubwa. Nilipokata kona, jino la kushoto likateleza kwenye mdomo wa ndoo kuelekea mwenzake. Mnyororo uliofungwa kati ya meno unazuia yasiachane, hauzuii yasisogeleane. Paleti ikainama upande, kreti zikamwagika, na wifi alikuwa amesogea kuokota majani ya vitunguu yaliyotapakaa njiani. Nikasikia anaita, "Wifi, mguu wangu. Wifi."

Kila mtu alikimbilia kwake. Nilishuka. Mkono wangu ukachukua spana kando ya kiti. Wakati wenzangu wanamtoa wifi chini ya kreti, mimi nilikuwa nimeinama upande wa pili wa ndoo nakaza bolti. Nilikaza mpaka mistari ikakutana. Halafu ndipo nikaenda kwake, nikapiga magoti, nikalia, na machozi yalikuwa ya kweli, hilo ndilo linalonichefua.

Mchana Fundi alikuja mbio, rangi ya chuma bado iko usoni. Akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya mstari. Akalitazama jino lilivyohama, akarudi kwenye mstari. Alifanya hivyo mara tatu. Kaka alikuwa amesimama juu yake ngumi zimekunjwa.

"Imekazwa," akasema Fundi. "Dereva alikaza, mistari hiyo hapo. Ikiwa imekazwa na bado imeteleza, kosa ni langu."

Kaka akamwambia maneno ambayo sijawahi kumsikia akimwambia mtu, na hawa wawili wamesoma dawati moja. Fundi hakujitetea. Aliyafungua meno, akayapakia kwenye mkokoteni wake, kisha akanijia akanishika mkono. "Pole, dada. Ungeweza kufa na wewe." Nikasema asante.

Jumatatu, tarehe 9

Trekta halikuwashwa. Tunabeba kwa mgongo. Wifi amefungwa plasta, mifupa miwili imevunjika na kidole gumba cha mguu kimepondeka.

Jumatano, tarehe 11

Nimesikia leo kutoka kwa jirani wa alizeti, aliyekuja kutupa pole ya wifi. Fundi alikuwa ametengeneza jozi tano za meno mbali na yetu, moja ya jirani huyu. Leo asubuhi Fundi amekwenda kwake, akayafungua, akayachukua. Jirani akamuuliza kuna nini, mbona yanafanya kazi vizuri. Fundi akasema, "Yameshavunja mguu wa mtu." Akaondoka nayo.

"Mtu muungwana," akasema jirani. "Lakini nani atampa kazi tena? Mimi geti langu nimempelekea mwingine."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha wifi. Nikakipeleka jikoni kukiosha, na kilikuwa kisafi.

Alhamisi, tarehe 12

Jozi ya pili ameichukua. Mgongo wangu hauna hali.

Jumamosi, tarehe 14

Wiki moja. Wifi amerudi nyumbani, ameketi kitandani mguu juu ya mito miwili, anatoa amri kama kawaida. Nilikwenda kumsuka nywele maana kuinuka hawezi. Nilikuwa nimejipanga: nikifika msuko wa tatu nitamwambia. Nikafika wa tatu, nikasema wa tano. Ndivyo nilivyofanya na zile paleti.

Yeye ndiye aliyeanza. "Unajua, wifi, nashukuru siku ile trekta ulikuwa nalo wewe. Angekuwa mwingine asingekuwa hata amekaza hiyo bolti, na mimi ningekuwa nalaumu watu wa humu ndani. Hili la Fundi liko nje, linauma lakini halivunji nyumba."

Nikavuta nywele kwa nguvu akasema ai, unaning'oa. Nikamaliza kichwa chote sijasema neno. Aliangalia kwenye kioo akasema nimemsuka vizuri kuliko siku zote.

Jumatatu, tarehe 16

Mvua ya kwanza, alasiri. Haikuwa kubwa, lakini mistari minne ya vitunguu ilikuwa nje na watu ni wale wale kumi na mmoja wenye migongo yao. Tulikimbia na kreti kichwani, tukaokoa miwili. Kaka amesimama kwenye maji, kofia mkononi. Kama meno yangekuwepo, ilikuwa kazi ya saa moja.

Nimefanya hesabu ya watu niliowaumiza kwa nusu mzunguko wa bolti: wifi, Fundi, kaka, majirani ambao sasa nao wanabeba kwa mgongo. Kabla ya haya nilikuwa namwona Fundi mtu wa vituko, na mistari yake. Nilikuwa nacheka. Sasa nikimfikiria najiona mdogo.

Jumatano, tarehe 18

Jozi ya nne. Jirani anasema Fundi anazikata vipande kwa msumeno wa chuma, vipande vifupi, ili mtu asije akaviokota akaviunganisha. Na mashine ya kuchomelea anataka kumpa shemeji yake. Anasema mikono yake haiamini tena.

Sikula.

Alhamisi, tarehe 19

Mawingu tangu asubuhi. Nilimfuata kaka shambani nimwambie. Nikasema, "Kaka, kuhusu yale meno." Akanikata, "Usinitajie yule mtu." Nikanyamaza haraka sana, kama mtu aliyepewa ruhusa. Kutwa nzima nimejiambia kwamba nilijaribu. Nimejaribu wapi? Maneno manne.

Ijumaa, tarehe 20

Nimekwenda. Kwa Fundi mwenyewe.

Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati na benchi refu. Nilimkuta amefunga jino letu la kushoto, lile lile, kwenye bamba nene la chuma alilolisimamisha kwa vise, chuma cha kubania kilichofungwa kwenye benchi. Chini ya benchi vilikuwa vipande vya zile jozi nne, amevipanga kama kuni. Jozi ya tano iko kona, bado nzima. Hakushangaa kuniona. Akafuta stuli kwa kitambaa akaniambia niketi.

"Tazama hii, dada," akasema, "labda wewe unayeitumia utanisaidia." Akachukua nyundo kubwa akalipiga lile jino ubavuni. Halikusogea. Akapiga tena na tena. "Siku kumi na mbili nalipiga. Nimelining'inizia magunia ya mchanga. Nimelipaka grisi. Bega langu haliinuki. Likishakazwa halitelezi. Na kwenu lilikuwa limekazwa na likateleza. Basi kuna kitu sikijui, na kitu nisichokijua siwezi kukiacha kwenye trekta la mtu. Miaka ishirini na sita nachomelea, kumbe kazi siijui."

Alikuwa ananiuliza kweli. Macho yake yalikuwa yananiomba jibu.

Nikasema, "Mistari haikuwa imekutana."

Akashusha nyundo.

"Iliachana kiasi gani?"

"Vidole viwili."

Akaweka vidole vyake viwili kwenye mstari wa bolti, akavitazama. Halafu akachukua spana, akailegeza bolti mpaka mstari ukaachana upana huo, akapiga nyundo mara moja, pigo dogo tu. Jino likaenda mpaka mwisho wa bamba likagonga vise. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilidhani atanitukana, na nilitaka anitukane. Aliketi tu, na kitu cha kwanza kilichopita usoni mwake kilikuwa nafuu. Alikuwa anaijua kazi yake. Nafuu ile ilikaa kidogo, ikaondoka.

"Nilipokuja siku ile mistari ilikuwa imekutana."

"Niliikaza baada ya kuanguka."

"Kichwani pa bolti niliona mkwaruzo mpya wa spana," akasema. "Nikajiambia, dereva hukaza kila asubuhi, ndiyo maana." Akavua miwani. "Nilipokuwa naangalia, ulikuwa umesimama wapi?"

"Nyuma yako."

Nikaanza kuomba msamaha, nikimwaga maneno, lori, tope, haraka. Akainua kiganja.

"Jozi nne nimezikata."

"Najua."

"Hujui. Unajua ilivyo kukata chuma ulichokinyoosha mwenyewe kikiwa hakina kosa?" Hakupandisha sauti. "Mimi usiniombe chochote leo. Nenda kwa mwenye mguu. Ukimaliza kwake, urudi."

Jumamosi, tarehe 21

Wifi ameomba kuletwa bandani achambue akiwa ameketi. Wachambuaji wote walikuwepo, kaka alikuwa anahesabu kreti. Nilisimama mbele ya meza yake nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, maana Fundi alisemwa mbele ya wote. Nilieleza bolti, mstari, paleti ya nne, na spana. Sikuliacha la spana.

Wifi aliendelea kuchambua. Kikubwa kulia, kidogo kushoto, kilichooza chini. Vitunguu vitano au sita hivi. Halafu mikono ikasimama.

"Wakati wananitoa, ulikuwa wapi?"

"Kwenye bolti."

"Nilikuita."

"Nilisikia."

"Nilikuita wewe, wifi. Sikumwita mume wangu. Ulisikia, ukakaza bolti."

"Ndiyo."

Mfupa amenisamehe, hilo alilisema baadaye mwenyewe, mfupa ni ajali na yeye ndiye aliyeniharakisha. Lakini kwa lile la kuitwa aligeuza uso ukutani. Machozi yalimtoka na hakutaka mtu amfute, mimi ndiyo kabisa.

Kaka alichukua ufunguo wa trekta mfukoni mwangu, yeye mwenyewe, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu. Akatoka. Tulimwona anaelekea karakana kwa miguu, na kaka haendi mahali kwa miguu.

Jumatatu, tarehe 23

Kaka na Fundi walikuja pamoja na meno yetu. Hawakuwa wanaongea, lakini walikuwa wanabeba chuma kimoja, huyu mbele huyu nyuma. Kaka alimwomba radhi bandani, mbele ya watu wale wale. Fundi akajibu, "Tufunge meno kwanza, mvua hiyo."

Wakaanza kubishana nani aendeshe. Kaka hajawahi kunyanyua paleti, aliingiza meno kwenye kreti ya chini akaitoboa. Wifi akasema kutoka kwenye stuli yake, "Mpeni ufunguo. Vitunguu havingoji tumalize kukasirika." Hakuniangalia aliposema. Kaka akaniwekea ufunguo juu ya meza, hakunipa mkononi.

Saa tisa za kazi. Paleti ishirini na tatu.

Jumatano, tarehe 25

Vitunguu vyote viko ndani isipokuwa vile vilivyolowa. Mvua imepiga bati kutwa.

Siku hizi nikimaliza hapa nakwenda karakana. Ndiyo malipo aliyonidai Fundi niliporudi kwake: zile jozi nne zinatengenezwa upya na mimi nashika chuma, napiga tupa, nafagia. Leo amenipa burashi na kopo la rangi nyeupe, nikapiga mstari. Akaukagua, akaufuta kwa kitambaa. Ulikuwa umepinda. Nikapiga mwingine, akaufuta. Wa tatu akauacha. Nilipita kwa jirani wa alizeti nikamweleza nilichofanya, ili asikie kwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema atalirudisha geti lake kwa Fundi, akafunga mlango.

Jumatatu, tarehe 30

Saa mbili tu za kazi. Tangi robo. Shamba limeisha, tunapakia vitunguu vilivyobaki.

Kaka amerudi kunitania kidogo, ameniuliza kama trekta limepiga mswaki. Wachambuaji wananisalimia. Nimejua wakati huu wote nilikuwa naogopa hasira yao, na hasira imepita kama mvua ya alasiri.

Plasta ya wifi imepunguzwa, anatembea na fimbo, mguu wa kushoto anauburuta. Kila asubuhi nikimaliza kukaza anauliza kutoka ndani ya banda, "Mistari?" Najibu, "Imekutana." Zamani, nikisema kitu kwa wifi, kilikuwa kimesemwa. Aliniachia watoto wake, aliniachia funguo, alinipa kichwa chake nisuke.

Leo asubuhi nilikaza la kulia, nikakaza la kushoto, nikapitisha kidole juu ya mistari yote miwili.

"Mistari?" akauliza.

"Imekutana, wifi."

Nikasikia stuli inasogezwa na fimbo inagonga sakafu, anakuja kuangalia mwenyewe. Nilizima injini nikamngoja.